Maua gani marefu na magumu ya kuziba macho ya jirani wa ghorofani? Ukuta umeshindwa

Mama_Pacha (mwanzisha uzi)

Habari za jioni, wanajamvi. Wenzangu wa Kampala mnajua viwanja vya futi 50 kwa 100 vilivyobanana. Mimi niko Kyaliwajjala, nyumba yetu ni ya chini, ukuta wa nyuma ni wa matofali, mita 2. Kwa miaka 9 ulitutosha. Mwaka jana jirani wa nyuma akabomoa nyumba yake ya zamani akapandisha ghorofa ya kupangisha, na ngazi zote na roshani zote zinatazama uani kwangu.

Sasa uani ndiko ninakoishi. Ndiko nafulia, ndiko nachambulia mchele, jioni jua likipoa tunatandika mkeka na mabinti nawasuka nywele. Jumamosi iliyopita nimeinama kwenye beseni, kanga moja, nasikia "Shikamoo mama!" Nikatazama mlangoni, hakuna mtu. "Huku juu, mama!" Kumbe kijana wa watu anaanika soksi zake kwenye roshani, nadhani ni mwanafunzi kutoka Tanzania, ananisalimia kwa adabu zote. Nikaitikia marahaba. Nguo za siku hiyo zilifuliwa nusunusu, nikaingia ndani.

Fundi amekataa kuongeza ukuta, anasema msingi hautabeba. Mabati ya kusimamisha juu ya ukuta sitaki, nyumba itafanana na stoo ya saruji. Nataka maua: marefu, magumu, yasiyolala chini mvua za Machi zikija na upepo wake. Ukanda nilionao una upana wa mita moja na robo, urefu mita 14, jua linapiga kuanzia saa nne asubuhi. Nina pacha wa miaka 4 wanaotia kila kitu mdomoni. Kwenye mtandao nimeona bustani za Uingereza zina holihoki na delfinia, maua yanamzidi mtu kimo, nimeyapenda mno. Yatakubali huku?

Nyuki256

Nimeshatandika mkeka wangu hapa nasubiri wajuzi. Ila kijana anayekuamkia huku anaanika soksi ni mkwe huyo, mama, usimpoteze.

Mama_Pacha

Mabinti wana miaka 4, ssebo. Tuongee maua.

Kalamu_wa_Bombo

Panda alizeti, umalize kazi. Kilo ya mbegu haikufilisi, miezi miwili tu imeshakupita kichwa. Watu wa Lira wanalima ekari kwa ekari, wewe mita 14 zikushinde?

Mzee_wa_Kitalu

Kalamu, alizeti unampandishia mtu pazia la wiki chache. Ikifika siku 100 hivi imeshakomaa, kichwa kimeinama, majani ya chini yamekauka, inabaki miti mikavu kama uzio wa banda la kuku. Halafu anaanza upya. Na kichwa kikilowa mvua kinakuwa kizito, upepo wa ziwani ukipita asubuhi anakuta safu nzima imelala. Nimeyaona hayo Entebbe zaidi ya mara moja.

Mama Pacha, mimi naotesha miche huu mwaka wa 26, na wateja wengi wanaharibikiwa kabla hata ya kununua, kwa sababu wanauliza "ua gani refu?" kabla ya kuuliza "refu kiasi gani?" Kesho fanya hivi. Tafuta mwanzi mrefu, funga kitambaa chekundu juu. Wewe kaa kwenye mkeka pale pale unapokaaga. Mtu wako asimamishe mwanzi kando ya ukuta, awe anaupandisha na kuushusha. Kitambaa kikikuziba jicho la roshani, pima. Hicho ndicho kimo chako.

Mfano wa hesabu: jicho la mtu wa juu liko mita 5 kutoka ardhini, mita 4 nyuma ya ukuta. Wewe umekaa mita 4 mbele ya ukuta, kichwa chako kiko mita 1. Basi jicho lake linapita juu ya ukuta kwenye mita 3. Ukuta wenyewe ni mita 2, kwa hiyo unatafuta mita moja tu ya maua juu ya ukuta! Na ukipanda kitu mita 1 mbele ya mkeka, mita moja na nusu inatosha. Kadiri pazia linavyosogea kwako ndivyo linavyoruhusiwa kuwa fupi. Kuna watu wamepanda saiprasi za mita 10 kumzuia jirani ambaye chungu tatu za maua zingemtosha.

Holihoki na delfinia. Dada, hizo picha ni za mwezi wa sita na wa saba. Kule London siku za Juni zina mwanga kwa saa 16 na zaidi. Sisi tuko karibu na mstari wa ikweta, siku ni saa 12 na dakika chache, Januari mpaka Desemba. Halafu holihoki kwa kawaida mwaka wa kwanza hukaa chini kama sukuma wiki, wa pili ndipo inatoa shina la maua, baada ya hapo inachoka. Kutu ya majani ndiyo ugonjwa wake, na unyevu wa huku utaipenda. Delfinia ni ua la baridi, lina sumu kuanzia mzizi hadi mbegu, na shina lake linataka fimbo ya kuegemea. Hata hao Waingereza wenyewe likifika baridi maua hayo yanapotea juu ya ardhi, nao wanajifungia ndani, hawana haja ya pazia. Wewe unakaa uani miezi 12. Unahitaji kitu chenye shina la mti kinachotoa maua.

Kwa ukanda wako mimi ningechukua haibiskasi, ile ya kawaida kabisa yenye maua mekundu ya sahani moja. Usichukue ile yenye maua makubwa ya tabaka tabaka inayouzwa kwenye chungu. Ile ya kawaida inafika mita 3 na kupita, haimwagi majani yote, haina miiba, na mtoto akitafuna ua hutakimbizana na hospitali. Ua moja linakaa siku moja tu, kesho yake limejikunja kama karatasi iliyoloa, lakini mti mzima hauachi kuchanua.

Panda mistari miwili ya pacha, sentimita 60 katikati ya mistari, na ndani ya mstari mita 1.2, mche wa nyuma ukae kwenye uwazi wa mbele. Miche 24 itatosha. Na hapa ndipo watu wananichukia: mche ukishashika, ukate ubaki sentimita 30. Ndiyo, ukate. Ukiuachia uende juu unapata mti wa magoti wazi, majani yote kileleni.

Dada_wa_FortPortal

Huku kwetu kila boma lina lile ua jeupe kubwa linaloning'inia kama tarumbeta. Linakua haraka, unachomeka tawi tu ardhini, na usiku linanukia mpaka ndani ya nyumba. Mbona hulitaji, mzee?

Mzee_wa_Kitalu

Sijalitaja kwa makusudi. Ni zuri, na kama nyumba ingekuwa ya wazee wawili ningesema sawa. Ila majani, maua, mbegu, vyote vina sumu inayomfanya mtu aweweseke, moyo uende mbio, macho yapanuke. Kwa pacha wa miaka 4, hapana. Vivyo hivyo oleanda, ya waridi na ile ya njano yenye majani membamba. Mbegu zile zinagusa moyo. Duranta nayo ina maua ya zambarau mazuri sana, lakini vitunda vyake vya rangi ya chungwa vinafanana na peremende. Ndege wanavila bila shida, mtoto hapana.

Dada_wa_FortPortal

Haya. Na sisi tumelelewa chini yake watoto saba. Mungu ametutunza kumbe.

Jembe_la_Tororo

Mie nikupe kisa cha alizeti mwitu, ile ya njano inayojiotea barabarani. Niliona ya bure, nikakata vijiti, nikachomeka kando ya zizi la mbuzi. Jamani! Msimu mmoja imefika mita 3, nzito kama ukuta, nikaanza kutamba kwa majirani. Mwezi wa nne ikaja mvua ya mawe ya dakika 20. Shina lake ndani ni kama sponji, halina mfupa. Ilivunjika yote ikaangukia zizi, mbuzi wawili wakatoka wakala mahindi ya shemeji. Kesi ikaenda hadi kwa mwenyekiti wa kijiji, LC1.

Sasa naipanda kwa kazi moja, mbolea. Majani yake makavu yana nitrojeni takriban asilimia 3.5 na potasiamu asilimia 4, watafiti wa kilimo wameyapima. Nakata mabichi, natandaza chini ya migomba. Kwa hiyo Mama Pacha, usiipande ukutani, ila ukiiona barabarani vunja mzigo ulete nyumbani kuwalisha hao haibiskasi.

Mpangaji_wa_Juu

Naomba niseme kwa niaba yetu sisi wa roshani. Jamani hatupendi. Mimi niko Kisaasi ghorofa ya pili, nikitoka kupiga mswaki nakutana uso kwa uso na baba mmoja anaoga bafu la nje lisilo na paa. Kila siku. Nimejifunza kupiga mswaki nikitazama ukuta.

Kitu ambacho mzee hajakigusa: sisi tunatazama kutoka juu kwenda chini. Magoti ya mti yakiwa wazi hatuyaoni kabisa, yanazibwa na ukuta wenu. Tunachoona ni kilele. Kwa hiyo kama shida ni macho yetu, msihangaike na chini, hangaikeni na kilele kiwe kizito. Jirani yangu mwingine alipanda bogenvilia, ikapanda juu ya ukuta ikatambaa kwenye waya, kimo chake mita 3 tu, na sijamwona tena tangu 2021. Namsikia tu anapiga chafya.

Mzee_wa_Kitalu

Umesema kweli, mkuu, nakubali. Kwa macho ya juu, kilele. Nilichokuwa nasema ni kwa macho ya mwenye nyumba mwenyewe, atakayekaa uani miaka 10 akitazama vijiti. Lakini kukata mapema kunasaidia hata kilele, shina moja linakuwa manne, na manne yanashikana kwenye upepo.

Bogenvilia ni ngumu kuliko zote. Ukame haiuogopi, na ukiimwagilia sana inakasirika, inatoa majani matupu. Zile rangi mnazoziita maua ni majani. Ua lenyewe ni kale kadude keupe katikati. Ila haijisimamii. Inataka waya na inataka mwenye glavu nzito, maana miiba yake inapita ndala. Pacha wakirusha mpira humo, mpira umekwisha.

Binti_Arua

Maua mazito hivyo si yataleta nyoka?

Jembe_la_Tororo

Nyoka anafuata panya, panya anafuata takataka na kuku. Fagia chini ya maua.

Mama_Pacha

Asanteni sana. Nimepima leo. Baba Pacha alishika mwanzi, mimi nimekaa kwenye mkeka, na yule kijana wa juu (nilimwomba mwenyewe, nikaona afadhali tumalize aibu) amesimama roshani anapiga kelele "bado mama, nakuona… bado… sikuoni!" Kitambaa kilisimama kwenye mita 2.8. Nilikuwa nimejiandaa kutafuta miti ya mita 5! Tukasogeza mkeka mita moja na nusu karibu na ukuta, kikashuka mpaka 2.5. Nimekaa miaka 9 mahali pabaya.

Kamba ya nguo ndiyo mtihani, pale nasimama. Hapo ilitaka 3.1.

Swali: maji ya kufulia yanapita kona ya kushoto, pamelowa muda wote na pana harufu ya sabuni. Haibiskasi itavumilia?

Mzee_wa_Kitalu

Hapo haitavumilia, mizizi itaoza. Weka kana, yale majani mapana kama ya mgomba mdogo, maua mekundu au ya njano. Inapenda miguu ndani ya maji, na kuna sehemu wanaipanda makusudi kwenye mabwawa ya kuchujia maji machafu. Itafika mita moja na nusu mpaka mbili, haitaziba roshani, lakini kwa kona yenye maji inafaa. Shina likishachanua likakauka, likate chini kabisa, lingine linakuja. Mbegu zake ni nyeusi na ngumu kama risasi za bunduki ya ndege, wazuie watoto wasizitie puani.

Na kabla ya kupanda, chimba. Usichimbe vishimo, chimba mtaro mzima, sentimita 60 kwenda chini. Ukuta wowote Kampala una siri ya mafundi chini yake.

Mama_Pacha (Mei)

Mrejesho. Mzee, siri niliikuta! Kijana wa sururu alitoa nusu ya gari la kifusi: vipande vya vigae, mfuko mzima wa saruji ulioganda, kandambili moja ya kushoto, kisha moramu nyekundu ngumu kama sakafu. Tulimwaga ndoo ya maji kwenye mtaro jioni, asubuhi bado yamo. Ikabidi tuvunje moramu kwa mtaimbo, tukajaza udongo mweusi na samadi ya ng'ombe iliyokaa.

Machi tulipanda miche 24. Sitataja kitalu nilikonunua, si cha mzee wetu, ila 6 kati ya hiyo sasa imeonyesha ua la tabaka tabaka na imegoma magotini. Nimerudi kuuliza, nikaambiwa "nnyabo, ua ni ua." Nimezihamishia kwenye chungu za mlangoni, nikajaza mapengo kwa vipandikizi nilivyokata kwenye zile 18 nzuri, urefu wa kalamu, nimebakiza majani mawili juu. Vinne vimekufa, vingine vimetoa macho.

Na nilikata, mzee. Sentimita 30. Baba Pacha aliniangalia kama nimechinja mbuzi wa mtu. Wiki ya tatu kila kisiki kilitoa machipukizi manne, matano. Leo yako usawa wa kifua.

Tatizo: ile mitano iliyo karibu zaidi na ukuta majani mapya yana manjano lakini mishipa imebaki kijani. Nimeongeza samadi, haisaidii.

Mzee_wa_Kitalu

Hiyo ni chokaa ya saruji. Plasta ya ukuta inanyonyoka na mvua, inaingia kwenye udongo, mti unashindwa kufyonza chuma ingawa kipo. Usiongeze samadi. Ondoa udongo wa juu uliogusana na ukuta, upana wa kiganja, weka mwingine, tandaza majani mengi yaoze pale. Likiendelea, maduka ya pembejeo yana chuma cha kunyunyizia majani. Hata kwangu nyuma ya stoo nilihangaika nalo.

Mama_Pacha (Oktoba)

Wanajamvi, mita 2.6! Mstari wa nyuma umeshapita ukuta, upepo wa mwezi uliopita uliangusha mpapai wa jirani na mabati ya kibanda, haibiskasi ziliyumba zikarudi. Ndege wawili aina ya chozi wanakuja kila asubuhi kunyonya maua, pacha wamewapa majina. Majani yamerudi kijani, isipokuwa mche mmoja ambao bado unanuna.

Wadudu vidung'ata walikuja Agosti, pamba nyeupe kwenye vichwa vya matawi na majani kujikunja. Nilikata vichwa, nikachoma, nikaosha vilivyobaki na maji ya sabuni ya kipande jioni baada ya jua. Nilirudia mara tatu.

Kona ya kulia nilipanda poinsetia mbili, ile inayokuwa nyekundu kuelekea Krismasi. Moja imeanza wekundu, ya pili ni kijani tupu. Udongo ule ule, zilinunuliwa siku moja.

Mpangaji_wa_Juu

Kuna taa ya ulinzi karibu na hiyo ya kijani?

Mama_Pacha

Ipo juu yake kabisa! Inawaka saa moja jioni mpaka alfajiri.

Mzee_wa_Kitalu

Amekuwahi. Poinsetia inahesabu giza. Isipopata usiku mrefu wa giza tupu, wiki kadhaa mfululizo, haibadiliki rangi. Geuza taa itazame geti, au ihamishe hiyo poinsetia. Na ukiikata vaa glavu, utomvu wake mweupe unawasha.

Nyuki256

Na mkwe wetu wa soksi anaendeleaje?

Mama_Pacha

Nikiwa kwenye mkeka hanioni, simwoni. Ila soksi yake moja ya bluu imedondoka, imening'inia juu kabisa ya haibiskasi ya saba tangu Jumanne, mkono hauifikii, na kumwita naona haya.